Sumaku hupinda njia, haiongezi kasi

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Mlandege, Unguja. Nilianza kazi hii mwaka 1981 nikiwa mwanagenzi wa miaka kumi na saba, na mpaka leo kila asubuhi nafungua kibanda, ingawa siku hizi ninaletewa zaidi subufa na tivii bapa zilizounguzwa na umeme. Gazeti lako nalisoma baada ya sala ya alasiri, tangu ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo.

Jumapili iliyopita mliandika ukurasa mzima juu ya mtambo wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ulio chini ya ardhi karibu na Geneva, ule unaoitwa LHC. Nilifurahi sana kuona habari hiyo imeandikwa kwa Kiswahili. Lakini aya ya tatu imenikaa kooni. Mmesema sumaku kubwa ndizo zinazozisukuma chembe mpaka zikaribie kasi ya mwanga, na zikishaipata kasi hiyo hurushwa zigongane, basi, kazi imekwisha. Mwishoni mwandishi akaongeza kuwa hayo ni mambo ya wenye fedha, sisi hayatuhusu.

Naomba nafasi nijibu, na naomba barua isikatwe, maana kosa la aya ile ni dogo kwa maneno lakini limeuficha ufundi wote wa mtambo wenyewe.

Sumaku haiongezi kasi. Ninayasema haya kwa mikono yangu. Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, zaidi ya miaka ishirini kabla Bara haijapata kituo chake, kwa hiyo mafundi wa hapa tuliyazoea mapema matumbo ya TV za chogo. Na TV ya chogo ni mtambo wa kuongeza kasi ya chembe, tena mtambo kamili. Nyuma kabisa, ndani ya shingo ya tyubu, pana kikombe kidogo cha chuma kinachopashwa moto kitoe elektroni. Mbele, kwenye kioo, kuna umeme wa volti kama elfu ishirini na tano unaotoka kwenye flaibeki, ile transfoma ya kupandisha volti. Elektroni ina chaji hasi, umeme ule ni chanya, basi inavutwa mbio mpaka inakipiga kioo na kukiwasha. Njiani inapita katikati ya koili za shaba zilizovikwa shingoni, ambazo mafundi tunaziita yoki. Yoki ni sumaku ya umeme. Kazi yake ni kuupinda mwale kulia na kushoto, juu na chini, ili uchore picha.

Flaibeki ikifa, kioo ni giza tupu hata yoki iwe nzima. Koili ya yoki ya juu na chini ikikatika, utaona mstari mmoja mweupe umekatiza katikati ya kioo, mkali wa kuumiza macho. Kasi ipo, mpindo haupo. Fundi yeyote wa rika langu ameuona mstari ule mara mia.

Na mtu asiye fundi anaweza kuliona jambo hili bila kufungua mfuniko. Chukua sumaku ya spika mbovu, isogeze mbele ya TV ya zamani ya nyeusi na nyeupe. Picha inavutika kama shuka lililoshikwa pembe moja, uso wa msomaji wa habari unakwenda upande. Lakini hauwaki zaidi. Kama sumaku ingekuwa inaongeza kasi, elektroni zingekipiga kioo kwa nguvu zaidi na pale pangeng'aa kuliko pengine. (Usijaribu kwa TV ya rangi. Itakuachia doa la zambarau lisilotoka mpaka lipitishiwe koili ya kuondolea sumaku.) Sababu yake ni kwamba nguvu ya sumaku huijia chembe yenye chaji ubavuni sikuzote, haiji nyuma wala mbele. Kitu kinachosukumwa ubavuni tu hubadili uelekeo, kasi yake inabaki ileile.

Sasa pelekeni hayo hayo Geneva. Handaki lina mzunguko wa mita 26,659, chini ya ardhi kama mita mia moja, na limepita mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Ndani yake zimepangwa sumaku 1,232 za kupinda njia, kila moja urefu wa mita 15 na uzito wa tani 35 hivi. Chembe zinazozungushwa mle ni protoni, zenye chaji chanya. Protoni ikiachwa peke yake inakwenda moja kwa moja. Kila sumaku inaipinda kidogo sana, chini ya theluthi ya digrii moja, inaipokeza ya pili, ya pili inaipokeza ya tatu, mpaka duara linafunga. Katika kila sumaku unapita umeme wa zaidi ya ampea 11,000. Plagi ya ukutani kwangu ina fyuzi ya ampea 13.

Kasi inatiwa mahali pamoja tu katika duara lote, kwenye vyumba vya shaba vilivyopakwa niobiamu kwa ndani, vinane kwa kila mwale. Mle mnachezeshwa mawimbi ya redio ya megahetsi 400. Fundi redio anajua hapo ni wapi: juu ya FM, chini kidogo ya UHF tuliyokuwa tukiihangaikia na antena juu ya mapaa. Mtambo ukiwa unapandisha nguvu, protoni inayopita pale inaongezewa chini kidogo ya volti laki tano. Ni sawa na flaibeki zangu ishirini, si zaidi. Ila inapita pale mara 11,245 kwa sekunde, na upandishaji unachukua kama dakika ishirini. Piga hesabu, ni mizunguko zaidi ya milioni kumi na tatu. Ndivyo inavyoingia na nguvu ya elektronivolti (kipimo cha nguvu za chembe) bilioni 450 na kufikishwa trilioni 6.8. Sumaku nazo huongezewa umeme sambamba na nguvu hiyo, hatua kwa hatua. Zikichelewa, chembe zitakwenda kugonga ukuta wa nje wa bomba. Zikitangulia, zitagonga wa ndani.

Baada ya hapo inakuja kazi ambayo makala yenu haikuitaja hata kwa neno moja, nayo ndiyo iliyonishikisha kalamu: kuzitunza.

Protoni hazirushwi mara moja zikagongana zikaisha. Zinakwenda kwa mafungu, zaidi ya elfu mbili kwa kila upande, kila fungu lina protoni bilioni mia moja na zaidi, na kutoka fungu hadi fungu ni kama mita saba na nusu. Mafungu mawili yanapopishana pale yanapokutanishwa, yamebanwa mpaka ni membamba kuliko unywele. Na bado, katika protoni bilioni mia moja za huku na bilioni mia moja za kule, zinazogongana kweli ni jozi makumi machache tu! Zote zilizobaki zinapita salama, zinazunguka, zinarudi tena. Ndiyo maana zinatunzwa saa kumi na zaidi kwa ujazo mmoja. Katika saa kumi hizo kila protoni imekwenda zaidi ya kilomita bilioni 10, ndani ya bomba ambalo nafasi yake haizidi upana wa vidole vitatu, bila kugusa ukuta.

Mwanangu mkubwa anafundisha fizikia skuli ya sekondari. Nilimuuliza swali ambalo naona lingemjia mtu yeyote aliyewahi kuangusha kitu: hizo protoni hazianguki? Akacheka, akachukua bahasha ya bili ya umeme akaandika nyuma yake kanuni ya kitu kinachoanguka, ile ya nusu ya gi mara tee mraba. Zinaanguka kama embe linavyoanguka. Kutoka katikati ya bomba hadi ukuta wa chini ni kama sentimita mbili. Sentimita mbili zinaangukwa kwa muda wa chini ya sehemu saba za mia ya sekunde. Yaani bila ya kitu cha kuzinyanyua, protoni zote zingekuwa sakafuni mwa bomba kabla ya kumaliza mizunguko 750, na mizunguko 750 kule ni kupepesa jicho. Saa kumi zingetoka wapi?

Kinachozinyanyua ninakijua kwa umbo. Kwenye shingo ya tyubu ya rangi, nyuma ya yoki, pana pete nyembamba za sumaku zilizopangwa jozi tatu: jozi ya ncha mbili, jozi ya ncha nne, jozi ya ncha sita. Kiwandani huzipanga, kisha huzitia rangi ili zisitembee. Mwanagenzi wa kwanza kuzigusa kwa kutojua hupoteza siku nzima. Zile za ncha nne zina tabia ya ajabu. Mwale wa kijani unaopita katikati haziugusi kabisa. Mwekundu na wa buluu, iliyo pembeni, zinaisogeza, mmoja huku na mwingine kule. Katikati kabisa sumaku ya ncha nne ni kama haipo, na kadiri unavyoondoka katikati ndivyo inavyokushika.

Mtambo wa Geneva umejaa sumaku za ncha nne, kubwa za mita kadhaa, karibu 400 zile kuu peke yake. Protoni iliyo katikati ya njia haiguswi. Iliyoanza kupotea, ikiwa imesogea ubavuni au imeshuka kwa uzito wake, inasukumwa irudi. Ila sumaku ya ncha nne ikibana kulia na kushoto, inatawanya juu na chini. Hiyo ni tabia yake, huwezi kuibadili. Dawa iliyopatikana ni kuzipanga kwa kupokezana: ya kwanza inabana ulalo, ya pili inabana wima, na zikiwekwa kwa vipimo vyake jumla yake ni kubana pande zote mbili. Jambo hili lilichapishwa mwaka 1952 na Courant, Livingston na Snyder wa maabara ya Brookhaven, Marekani. Baadaye ikabainika kwamba Mgiriki mmoja, Nicholas Christofilos, alikwisha kuligundua peke yake na kuliombea hataza miaka miwili kabla. Christofilos alikuwa mhandisi wa lifti mjini Athens. Nilipolisoma hilo niliinuka kwenye kiti. Mtu wa lifti!

Mafungu yenyewe nayo hayatawanyiki njiani, na hili niliseme kwa ufupi. Protoni iliyozidi nguvu hupita njia ndefu zaidi katika duara, inachelewa kufika kwenye vyumba vya mawimbi, inakuta wimbi limepungua, inaongezewa kidogo kuliko wenzake. Iliyopungukiwa inawahi, inakuta wimbi liko juu, inaongezewa zaidi. Kila mmoja anarudishwa kundini bila ya kuitwa. Veksler aliliona hilo mwaka 1944 huko Urusi, na McMillan akaliona kivyake Marekani mwaka 1945.

Lakini hakuna kitu kilichonigusa kama ombwe, yaani nafasi iliyotolewa hewa. Mwaka 1983, nikiwa mwaka wa pili wa kazi, nililetewa TV ya mteja wa Kikwajuni nibadilishe soketi ya shingo. Soketi ilikuwa imeganda. Badala ya kuilegeza polepole nikaivuta kwa kuikunja. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu anavyonyonya hewa kwa meno. Ile ncha ya kioo iliyo mwisho wa shingo ilikuwa imekatika. Karibu na shingo ya kila tyubu, kwa ndani, pana doa linalong'aa kama fedha. Ni bariamu, wanaipaka kiwandani baada ya kuvuta hewa ili inase kila chembe ya gesi iliyobaki. Nikiwa nimeishika tyubu mkononi nililitazama doa lile likigeuka rangi, kutoka pembeni kuja kati, likawa jeupe kama maziwa. Tyubu ilikuwa imekufa. Marehemu mwalimu wangu wa ufundi alilitazama, akaniambia, "Umeingiza hewa," akarudi kwenye kazi yake. Niliilipa tyubu ile kwa ujira wa miezi mitano.

Kwa hiyo mwanangu aliponieleza namna wanavyotunza ombwe la bomba la Geneva, sikuhitaji kufafanuliwa mara mbili. Sehemu kubwa ya bomba ni ya baridi kali mno, na gesi iliyobaki inagandia ukutani. Lakini zipo kilomita kama sita zilizo katika joto la kawaida, na hizo wamezipaka kwa ndani utando mwembamba wa titaniamu, zirkoniamu na vanadiamu. Utando unainasa gesi. Ni lile doa langu la fedha, limetandazwa kilomita sita! Msukumo wa hewa unaobaki mle ni kama sehemu moja ya trilioni kumi ya hewa tunayovuta. Na lazima iwe hivyo, kwani protoni inayosafiri kilomita bilioni kumi ikikutana na molekuli moja ya hewa ana kwa ana, imepotea.

Jointi pia tunaijua. Asilimia kubwa ya vyombo vilivyopita mezani kwangu havikuwa na kifaa kilichokufa. Vilikuwa na drai jointi, lehemu iliyopasuka duara jembamba kuuzunguka mguu wa kifaa, huioni mpaka uelekeze taa kwa pembeni. Umeme unapita, lakini kwa shida, pale panapata moto, siku moja panaungua.

Mtambo wa LHC ulizungusha protoni kwa mara ya kwanza tarehe 10 Septemba 2008. Dunia nzima ilitangaza. Sisi Unguja tulikuwa tumetoka tu katika ule mwezi wa giza baada ya umeme kukatika mwishoni mwa Mei, na kibanda changu kilikuwa kimejaa vyombo vilivyoungua uliporudi. Siku tisa baada ya kuzinduliwa, tarehe 19, mtambo ule ulivunjika. Hazikuwa protoni, maana siku hiyo bombani hamkuwa na kitu. Walikuwa wanajaribu sumaku tu. Ilikuwa jointi. Waya wa sumaku zile ni wa niobiamu na titaniamu, na ukipozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri unapitisha umeme bila ukinzani hata kidogo. Kuna maungio yanayounganisha sumaku na sumaku, zaidi ya elfu kumi, na moja halikulehemewa sawasawa. Ukinzani wake ulikuwa kama sehemu 200 za bilioni ya omu moja. Mita yangu ingeandika sifuri na mimi ningesema liko sawa.

Ampea zikafika 8,700. Kwa ampea hizo, ukinzani ule mdogo unatoa moto wa wati kumi na kitu. Chuma changu cha kulehemia ni cha wati arobaini. Moto usiofika nusu ya ule wa chuma changu, lakini katika baridi ile, ulitosha kuufanya waya uanze kukinza. Ulipokinza ukazidi moto, jointi ikayeyuka, cheche ya umeme ikatoboa chombo cha heliamu ya kupozea. Tani kama sita za heliamu zikafumuka ndani ya handaki, na sumaku za tani 35 zikasukumwa kutoka kwenye miguu yake. Ilibidi 53 zitolewe na kupandishwa juu. Protoni hazikuzunguka tena mpaka Novemba 2009, na maungio yote yalikuja kufunguliwa na kuimarishwa moja baada ya jingine mwaka 2013 na 2014. Ningependa kijana yeyote wa chuo cha ufundi cha VETA anayelehemu kwa haraka ili akacheze mpira ayasome haya.

Nguvu iliyotunzwa bombani nayo inahitaji heshima. Protoni zote za upande mmoja hazifiki uzito wa sehemu moja ya bilioni ya gramu, lakini zikiwa kwenye kasi ile zinabeba nguvu ya kuyeyusha shaba ya kilo mia tano. Kwa hiyo imeachwa nafasi tupu katika msururu wa mafungu, ya sehemu tatu za milioni ya sekunde, na ndani ya nafasi hiyo sumaku maalumu huwaka na kuutoa mwale wote kwa mzunguko mmoja, ukaupige mwamba wa grafiti. Mlango wa kutokea umewekwa tayari saa zote.

Ufundi huu wa kutunza haukuanza Geneva. Ulianza Frascati, karibu na Roma, mwaka 1961, kwa kiduara cha chembe chenye kipenyo cha mita moja na kitu, ambacho mtu na mwenzake wangeweza kuzungumza wakiwa wamesimama huku na huku yake. Kiliitwa AdA. Aliyekibuni ni Bruno Touschek, mzaliwa wa Vienna. Alitaka kuzungusha elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) katika bomba moja, kwa sumaku moja, na kwa kuwa chaji zao ni kinyume, sumaku ileile inayozipinda hizi upande huu inazipinda zile upande ule. Mwaka 1962 walikihamishia Orsay, Ufaransa, kwa lori, na pampu ya ombwe ikaachwa ikifanya kazi kwa betri njia nzima ili hewa isiingie. Mie namfahamu vizuri sana mtu aliyekaa nyuma ya lori lile, kama alikuwapo, akisikiliza pampu. Huko Orsay mwaka 1963 wakagundua kwamba kadiri walivyojaza chembe nyingi ndivyo zilivyopotea upesi, kwa sababu zilikuwa zinagusana zenyewe kwa zenyewe ndani ya fungu. Jambo hilo mpaka leo linaitwa kwa jina la Touschek, na kila anayejenga mtambo wa kutunza elektroni lazima alipigie hesabu.

Nije kwenye lile neno la "hayatuhusu". Mwaka 2019 mke wangu alitibiwa saratani kwa mionzi Dar es Salaam, siku ishirini na tano za kazi. Nilikuwa nikikaa naye mpaka mlangoni. Siku moja nikamuuliza kijana anayeendesha mashine, kwa adabu, mle ndani mna nini. Akaniambia: elektroni zinatiwa kasi kwa mawimbi, zinapindwa kwa sumaku, zinapiga kipande cha tangsteni, hapo ndipo inapotoka miale. Nikamwambia, "Basi ni tyubu." Akafikiri kidogo, akasema, "Ndiyo mzee, ni tyubu." Nilirudi kwenye benchi nikakaa kimya muda mrefu. Mashine ile haitunzi chembe, inazipiga mara moja tu, lakini ni ukoo mmoja. Mke wangu yu hai, alhamdulillahi, na ndiye aliyesema niandike barua hii badala ya kumsumbua yeye.

Na ipo mitambo isiyogonganisha kitu chochote. Kazi yake ni kutunza, basi. Elektroni zinapopindwa na sumaku hutoa mwanga mkali, na mwanga huo hutumika kuchungulia umbo la protini, udongo, dawa, hata maandishi ya kale. Zinatunzwa saa nyingi ili mwanga usikatike. Jordan wanao mmoja, uko Allan, unaitwa SESAME, una mzunguko wa mita 133 na ulifunguliwa rasmi mwaka 2017. Mle mna vifaa walivyopewa kutoka mtambo wa zamani wa Berlin uliokuwa umezimwa, wakavifungua, wakavisafirisha, wakavifanyia kazi upya. Wanachama wake ni pamoja na Misri, Iran, Israel, Palestina, Pakistan na Uturuki, wanaokaa meza moja kwa ajili ya duara lile. Afrika, kwa mitambo ya aina hiyo, hatuna hata mmoja, na wapo wanasayansi wa Kiafrika wanaoupigania. Msiwaambie wasomaji wenu kwamba hilo haliwahusu.

Ombi langu ni masahihisho ya aya ya tatu, kwa herufi zilezile mlizoandikia kosa. Na kama mwandishi wenu atapenda kuhakikisha kwa macho yake, boti zipo asubuhi na jioni. Nimebakisha TV moja ya nyeusi na nyeupe, inchi kumi na nne, nimekataa kuiuza mara mbili. Doa lake la shingoni bado linang'aa kama fedha. Nitaiwasha, tutasubiri ipate moto, kisha nitampa sumaku ya spika aishike yeye mwenyewe.

Wako,
Fundi redio na televisheni,
Mlandege, Unguja